Petroli Isiyo na Subira

Inspekta Msaidizi Haron Sifuna aliteremsha ufito ndani ya tangi la gari la kijani mpaka ukagota chini, akauvuta juu polepole, akapima sehemu iliyolowa kwa rula ya mbao aliyoiazima kwa makarani.

"Galoni saba," alisema. "Ikizidi sana, saba na nusu."

Fundi Nzuki alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, mikono katikati ya magoti kwa sababu ya baridi. Alikuwa ameitwa saa mbili asubuhi kutoka gereji yake ya Mtaa wa Hardinge, kwa kuwa hapakuwa na mtu Nairobi nzima aliyeijua injini ile kumshinda. Ni yeye aliyeifungua mwezi uliopita na kuichonga kichwa, ili ibane zaidi na kukimbia zaidi, tayari kwa mashindano ya kupanda mlima.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Julai, mwaka wa 1957. Uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi ulikuwa na umande bado, na kutoka barabarani zilisikika kengele za baiskeli za makarani waliochelewa kazini.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kwenye karatasi. Jumapili saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye mlima wa Riruta, katika ukungu mzito, gari lilimgonga Zachariah Wainaina, mchuuzi wa maziwa aliyekuwa kwenye baiskeli yake, likamwacha amekufa kando ya barabara. Saa tatu, Bwana Cresswell wa Loresho, dalali wa kahawa, aliwapigia polisi simu. Alisema dereva wake ameiba gari alfajiri na kulirudisha likiwa na taa iliyovunjika. Saa nne, dereva huyo, Nashon Oloo, alikuwa na pingu mikononi. Na Jumatatu, Superintendent Ormsby alifunga faili akasema litafika kortini Alhamisi.

Sifuna aliomba siku mbili.

"Za nini?" aliuliza Ormsby.

"Za kuchunguza petroli, bwana."

Ormsby alimtazama, kisha akampa. Alikuwa ameshafanya kazi na Sifuna miaka minne, na hakukumbuka siku aliyompa muda ukapotea bure.

Sababu ya Sifuna ilikuwa sentensi moja kwenye daftari la konstebo aliyemkamata Nashon. Konstebo aliiandika kama kichekesho: *Mshtakiwa hakulia wala hakukimbia. Alisema mtu ameitia gari yake petroli mbaya.*

Sasa Sifuna alivuta petroli kwa mpira, akajaza chupa moja ya kioo, akaifunga kwa kizibo. Juu ya ukuta alikuwa amekwisha kupanga chupa nyingine mbili, alizonunua alfajiri ile kwenye pampu za Delamere Avenue. Moja ilikuwa nyekundu, nayo ndiyo supa. Ya pili ilikuwa ya manjano, nayo ndiyo ya kawaida. Wenye mafuta waliitia kila moja rangi yake ili mtu asiuziwe hii kwa jina la ile.

Aliiweka chupa ya tatu katikati yao. Jua la Julai, dhaifu kama lilivyokuwa, lilitosha. Ilikuwa ya manjano, yenye wekundu kidogo sana, kama maji yaliyooshewa kikombe cha damu.

Nzuki alisimama ghafla. "Nani amefanya hivi?"

"Nieleze kwanza amefanya nini. Tuseme mimi sijui gari."

"Hujui kweli."

"Basi hutapata shida."

Fundi alipangusa mikono kwenye ovaroli. "Watu wanafikiri supa ina nguvu zaidi. Hapana. Supa ina subira. Injini inabana petroli na hewa, inabana, inabana, halafu plagi inatoa cheche, ndiyo inalipuka. Supa ukiibana namna hiyo inangoja cheche. Ya kawaida haina subira. Ukiibana sana inalipuka yenyewe kabla ya kuitwa. Pistoni inapanda, moto unaipiga kichwani. Utasikia inagonga, ka-ka-ka-ka."

"Gari zote?"

"Si zote! Ile Land Rover yenu haibani sana. Ukiitia supa unatupa pesa. Lakini hii, jinsi nilivyoichonga, ukiitia ya kawaida unatupa injini. Nilimwambia Nashon, nikamwambia na bwana wake. Supa, ama msiiwashe."

"Nashon anasema Jumamosi saa saba mchana aliijaza supa mpaka juu, hapa mjini. Nimemuuliza mtu wa pampu, naye anasema ni kweli. Tangi linabeba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Galoni moja inakwenda maili ngapi?"

"Ukiendesha kama mtu, ishirini. Ukiendesha kama Bwana Cresswell, kumi na sita."

"Loresho mpaka Riruta, kwenda na kurudi?"

"Kumi na mbili. Weka kumi na tatu ukipotea njia."

"Kwa hiyo, kama Nashon aliiba gari Jumapili alfajiri akaenda Riruta akarudi, leo ningekuta galoni kumi na tatu, nyekundu."

Nzuki alizitazama zile chupa tatu moja baada ya nyingine, na midomo yake ikatembea bila sauti, akihesabu.

"Umekuta saba," alisema mwishowe. "Za manjano."

"Galoni kumi na tatu za supa zimekwenda wapi?"

"Barabarani. Hiyo ni zaidi ya maili mia mbili, bwana Sifuna. Hiyo ni Nakuru na kurudi."

Kihesabu maili kingewaambia hayo kwa dakika moja, lakini kilikuwa kimekufa tangu Mei, kikingoja spea kutoka Ulaya. Sifuna alikuwa amekitazama hicho kwanza. Sasa alichukua nta, akaziba chupa ya tatu, akaandika saa na tarehe kwenye karatasi, akamtaka Nzuki atie sahihi kama shahidi. Nzuki alitia sahihi kubwa iliyovuka mstari.

*

Nashon Oloo alikuwa mtu mrefu wa Alego, wa miaka thelathini na mbili hivi, aliyekaa kwenye benchi la seli kama anayengojea abiria. Shati lake jeupe la kazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Ulisema mtu ameitia gari petroli mbaya," Sifuna alianza. "Ulijuaje? Ulikuwa umelala."

"Jumapili saa moja nilitoka chumbani kwangu. Nikaikuta gari katikati ya uwanja, taa ya kushoto imevunjika. Nikasema, Bwana amegonga mti. Nikaiwasha niiingize kwenye banda. Nilipozima swichi ikakataa kufa. Ilitikisika mara tatu, nne, ndiyo ikanyamaza. Supa haifanyi hivyo, Bwana Inspekta."

"Ukafanya nini?"

"Nikaangalia tangi. Kifuniko hakikuwepo. Nikaziba na kitambaa changu cha kufutia kioo."

"Kile cha buluu nilichokikuta?"

"Hicho."

"Halafu?"

"Nikaenda kumwambia Bwana. Alikuwa kwenye veranda, hajanyoa. Nikamwambia, bwana, gari imetiwa petroli ya kawaida, tuitoe kabla haijaharibu pistoni. Akaniangalia. Akasema, nenda ukaioshe. Nikaenda nikaiosha."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na kitu."

Sifuna aliandika. Simu ya Loresho ilipigwa saa tatu.

"Mchumba wako anaishi Riruta," alisema bila kuinua kichwa. "Lornah. Kila Jumapili unakwenda huko. Hilo limo kwenye faili, na limo kwa wino mwekundu."

"Lornah yuko Maseno tangu Jumatano. Mama yake anaumwa. Riruta ningekwenda kumsalimu nani, saa kumi na mbili asubuhi?"

"Kuna mtu anaweza kusema hivyo?"

"Mwalimu aliyemwombea ruhusa kazini. Mission ya pale Riruta."

Sifuna aliandika jina la mwalimu. Kisha akafunga daftari.

"Swali la mwisho. Uko njiani, gari ni hiyo, tangi linakauka. Mahali ulipo kuna petroli ya kawaida peke yake. Ungefanya nini?"

Nashon hakufikiri. "Ningesukuma."

"Mpaka Loresho? Peke yako?"

"Ningeita watu."

Sifuna alitoka akasimama mbele ya ramani kubwa ya mji iliyokuwa ukutani kwenye korido. Mtu anayeijua gari ile hawezi kuchagua petroli ya kawaida penye pampu mbili. Kwa hiyo haikuwa kazi ya kutafuta mtu aliyechagua vibaya. Ilikuwa kazi ya kutafuta mahali pasipo na kuchagua, palipokuwa wazi Jumapili kabla ya jua kuchomoza. Alifuata kwa kidole barabara zote za magharibi, kutoka Kabete mpaka Karen. Kituo baada ya kituo kilikuwa kimefungwa saa hiyo. Kidole kilisimama Dagoretti, kwenye duka moja lenye pampu ya mkono, linalofunguliwa saa kumi na moja kwa ajili ya malori ya maziwa.

Kutoka Dagoretti kwenda Loresho, njia fupi inapanda mlima wa Riruta.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu kidogo ya barabara, nyuma ya ua wa michongoma iliyokatwa vizuri. Wanawake wanne wa kanisa walikuwa wakimenya viazi kwa ajili ya watu wa matanga. Walipoona kofia ya polisi walinyamaza wote kwa pamoja. Miaka mitano ya hali ya hatari ilikuwa imewafundisha kwamba polisi akija hutoka na mtu.

Wanjugu, mjane, hakuacha kumenya.

"Pole sana, mama," Sifuna alisema, akavua kofia.

"Nimeshapoa. Nimesema mara tatu. Mzungu nimemwambia, konstebo nimemwambia, chifu nimemwambia. Ama sasa munataka niimbe?"

"Nataka unisaidie kitu ambacho hao hawakuuliza. Uliandikisha kwamba hukuona gari."

"Ukungu ilikuwa kama ukuta. Nilisikia debe za maziwa zikishuka, ni yeye huyo. Halafu nikasikia gari inapanda."

"Ilikuwa inalia namna gani?"

Kisu kilisimama. "Hiyo kweli hakuna mtu aliniuliza." Alifikiri. "Ilikuwa inalia kama mtu ametia kokoto kwa mkebe, anatikisa. Gari ya kawaida inanguruma. Hii ilikuwa inagongagonga kwa ndani. Halafu nikasikia hiyo nyingine." Hakusema nyingine ni ipi.

"Geuka ukutani, mama. Usitazame barabara. Zitapita gari tatu. Niambie tu."

Aligeuka. Sifuna aliinua mkono kuelekea daraja la mto lililokuwa chini ya mlima. Land Rover ya polisi ilipanda kwanza, ikinguruma kama kawaida yake.

"Si hiyo," alisema Wanjugu.

Likapanda lori la mkaa, ambalo Sifuna alikuwa amelisimamisha na kumwomba mwenyewe asubiri. Lilikohoa, likatoa moshi, likapita.

"Si hiyo. Hiyo ni mzee."

Kisha, kutoka chini kwenye mto, gari la kijani lilianza kupanda. Nzuki aliendesha. Alikuwa ameapa kwamba atafanya mara moja tu, hata aje Gavana mwenyewe kumwomba. Mwanzoni palikuwa na mngurumo mzuri, wa chini, kama wa mtu anayeimba besi kanisani. Mlima ulipoinuka sauti ikabadilika. Ka-ka-ka-ka, kokoto ndani ya mkebe.

Kisu kilimponyoka Wanjugu. Alishika ukuta kwa mikono yote miwili. Mmoja wa wale wanawake alimkimbilia akamkumbatia kiunoni.

"Ni hiyo," alisema. "Mumeileta mpaka kwangu. Nani anaendesha? Ni yule dereva?"

"Ni fundi tu, mama. Dereva yuko ndani."

"Akae huko. Aoze."

Sifuna aliokota kisu, akakifuta vumbi, akakiweka mezani mpini ukimwelekea mjane. Hakumwambia zaidi. Alikuwa na nusu ya jambo, na nusu ya jambo haipelekwi kwenye matanga.

*

Mzee aliyesukuma pampu ya Dagoretti aliitwa Were. Alitoka Butere, alikuwa na koti la jeshi la vita vya Abisinia, na aliposikia jina la Sifuna, jina la Mluhya mwenzake, alicheka.

"Mulembe, mwana."

"Mulembe, baba. Habari za kazi?"

"Kazi ni mkono tu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Galoni moja, mara kumi."

"Unauza supa hapa?"

"Supa ya nani? Lori za maziwa? Hapa ni moja tu, ya manjano. Unataka, unachukua. Hutaki, unakwenda mjini."

"Jumapili asubuhi kuna mtu aliyetaka supa?"

Were aliacha kucheka. Alimtazama Sifuna, akatazama gari la kijani lililosimama nyuma yake na Nzuki aliyeegemea mlango, akarudi kumtazama Sifuna.

"Mimi nina watoto saba," alisema.

"Naelewa. Na yule dereva aliyefungwa ana mama mmoja. Alhamisi anapelekwa kortini kwa mtu aliyeuawa na gari hii."

"Dereva? Dereva gani? Gari hii haikuwa na dereva. Ilikuwa na Mzungu peke yake, ana nguo ya dansi, ile nyeusi yenye tai ndogo. Alikuja saa kumi na mbili kasoro. Anauliza, supa iko? Namwambia, bwana, hakuna. Akatukana. Akazunguka gari, akazunguka tena, kama mtu anayetaka kumpa farasi wake sumu. Halafu akasema, tia saba."

"Saba kamili?"

"Mkono huu ndio ulihesabu. Mara sabini. Halafu akaondoka haraka, hata hii akaniachia." Were aliingia ndani ya kibanda, akatoka na kifuniko kizito cha tangi, kinachong'aa, kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. "Nilikuwa nakiweka. Nilijua atarudi, kitu ya bei kama hii."

Nzuki alikichukua, akakiweka kwenye mdomo wa tangi, akakizungusha. Kiliingia bila kulazimishwa na kufunga kwa mlio mdogo.

"Baba," Sifuna alisema, "utaweza kuyasema haya mbele ya jaji?"

Mzee alivuta koti la jeshi likae sawa mabegani. "Niliwaambia Wataliani mambo mabaya kuliko hayo, na wao walikuwa na bunduki. Andika."

Sifuna aliandika, na mzee akabonyeza kidole gumba chini ya karatasi mara mbili, moja kwa maneno na nyingine kwa kifuniko.

*

"Nitakuwepo," Ormsby alisema ndani ya gari, walipokuwa wakipita Kabete Jumatano asubuhi. "Sheria yetu haitaki, lakini desturi inataka Mzungu ahojiwe mbele ya Mzungu mwenzake. Ila utauliza wewe. Petroli ni yako."

Walimkuta Bwana Cresswell sebuleni Loresho, mbele ya moto wa kuni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye mwili mwepesi. Vikombe vya mashindano vilijaa rafu mbili nyuma yake. Alimpa Ormsby kiti na chai. Sifuna alibaki amesimama, naye akauliza kwa Kiingereza chake cha Shule ya Upelelezi, neno kwa neno.

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi, bwana?"

"Hapa. Nilirudi saa kumi na mbili, nikala, nikalala."

"Na gari?"

"Ndani ya banda. Ufunguo hukaa na Oloo. Haya yote nimekwisha kuyasema."

"Ni kweli. Nimekuja kwa jambo jingine, na naogopa ni habari mbaya. Oloo amekufanyia kosa la pili. Ameharibu injini."

Cresswell aliweka kikombe chini. "Nani anasema?"

"Nzuki. Ameikuta petroli ya kawaida ndani ya tangi. Galoni saba."

"Nzuki amesema imeharibika?"

"Anasema aliyefanya hivyo hajui gari hata kidogo. Anasema aliipandisha mlima kwa gia ya juu, mguu umekanyaga mpaka chini, huku injini ikilia, na hata hakusikia. Anasema mashindano usahau. Mtu wa namna hiyo, kwa maneno yake, alistahili kupewa mkokoteni."

Uso wa Cresswell ulianza kuwa mwekundu kutoka kwenye kola. "Huo ni upuuzi. Injini ile inaweza kuvumilia ya kawaida kwa maili chache, ikiwa mtu anajua anachofanya. Usipokuwa na nyingine ya kununua, unaweka kiasi cha kukufikisha, halafu unaendesha kwa mguu mwepesi."

"Mguu mwepesi kwenye mlima wa Riruta, bwana? Nzuki anasema gia ya juu."

"Nzuki hakuwepo! Nilipanda mlima ule kwa gia ya pili, na—"

Kuni zilipasuka kwenye moto. Ormsby, aliyekuwa ameinua kikombe nusu ya njia, alikirudisha kwenye sahani yake bila mlio.

Sifuna alifungua gazeti na kuweka kifuniko cha tangi mezani, kati ya sukari na maziwa.

"Hiki ulikisahau Dagoretti," alisema. "Mzee wa pampu amekitunza vizuri. Anakumbuka na nguo zako."

Cresswell alikitazama kifuniko. Kisha alimgeukia Ormsby, si Sifuna.

"Nilikuwa Nakuru, kwenye dansi ya klabu. Nikamshusha rafiki Karen. Palikuwa na ukungu, Ormsby. Wewe unaujua ukungu wa kule. Nilidhani ni mbuzi."

"Usiniambie mimi," alisema Ormsby. "Anayeandika ni Inspekta."

Sifuna aliyaandika maneno yale kama yalivyotamkwa, na la mbuzi pia. Kisha akayasoma kwa sauti, akageuza daftari, akampa kalamu.

"Dereva alikuja kukuambia petroli ni mbaya," alisema wakati Cresswell akishika kalamu. "Alikuwa anaokoa injini yako."

Cresswell alitia sahihi bila kuinua macho.

*

Saa nane mchana walimfungulia Nashon. Alipewa mkanda wake, kamba za viatu, na kitambulisho chake, akavikagua kimoja kimoja kama mtu anayekagua gari kabla ya safari. Sifuna alimsindikiza mpaka mlango wa mbele.

"Gari nayo?" aliuliza Nashon.

"Ni ushahidi. Nzuki ameshaondoa ile petroli."

"Vizuri."

Kwenye ngazi za nje alikuwa amekaa Wanjugu, leso nyeusi kichwani na kikapu miguuni. Sifuna alikuwa amemtumia ujumbe asubuhi kupitia kwa mwalimu wa mission, akiamini ni haki yake kusikia mapema kuliko gazeti. Hakutegemea angekuja kwa miguu kutoka Riruta.

Alisimama walipotoka. Hakuhitaji kuambiwa yupi ni yupi.

"Wewe ndiye Nashon."

"Ndiye mimi, mama. Pole kwa mzee."

Watu wa mjini walipita mbele yao, wenye mafaili na wenye mizigo, na hakuna aliyewatazama.

"Nilikulaani," Wanjugu alisema. "Siku tatu. Asubuhi nikiamka, na usiku nikilala. Nilitaja jina lako mbele ya Mungu, nikamwambia akufanye nini. Sitaki kusema nilimwambia nini."

"Nilikuwa nasikia baridi kule ndani," alisema Nashon. "Labda ndiyo hiyo."

"Usinichekee."

"Sikucheki, mama. Hata mimi ningelaani."

Alisimama mbele yake, mikono imelegea, mwanamke mfupi mbele ya mwanamume mrefu, na ilionekana kwamba alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. "Sasa laana nitaitoaje?" aliuliza. "Neno likishatoka."

Nashon alitazama kikapu. Shingo ya chupa ilitokeza, imezibwa kwa gunzi la hindi.

"Ni chai hiyo?"

"Ni chai. Ya maziwa. Nilibeba ya njiani."

"Siku tatu nimekunywa maji ya kopo. Nipe."

Alimpa. Nashon alizibua gunzi, akanywa amesimama, bila haraka, mpaka nusu. Kisha akapangusa mdomo wa chupa kwa kiganja na kumrudishia. Wanjugu aliishika kwa mikono miwili, akaitazama chai iliyobaki, akainua chupa naye akanywa.

Nyuma yao konstebo alitokeza mlangoni, akamwambia Sifuna kwamba wakili wa Bwana Cresswell amefika na ana hasira.

"Mwambie akae," alisema Sifuna. "Nakuja sasa hivi."

Lakini hakwenda mpaka chupa ilipokwisha.